Mwenye Mji Aliyemsahau Mke Wake

Bibi alikuwa na sauti yake ya kusimamisha maksai. Haikuwa kelele. Alivuta pumzi, akatoa "hoo" moja fupi, na wale ng'ombe wawili wakubwa wakasimama hapo hapo, plau ikiwa bado ndani ya udongo. Sisi watoto pia tulisimama, hata kama hatukuwa tumefanya kosa. Mpaka leo mtu akiniambia kitu kwa sauti ya chini naogopa kuliko akinipigia kelele.

Namwita Bibi kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, mimi na wadogo zangu wawili. Lakini lazima niseme kabisa yeye ni nani kwetu, maana shida yote iko hapo. Bibi ndiye aliyemuoa mama yangu. Kwetu Tarime jambo hilo lipo na lina jina, nyumba ntobhu. Mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa mji wake, yaani boma lake. Wanaitwa kwa jina la mji huo na wanarithi hapo. Mwanaume aliyenizaa yupo, ni fundi baiskeli, tukikutana ananisalimia vizuri na ananiuliza habari za shule, basi. Hana neno juu yangu. Mwenye neno ni Bibi.

Kwa hiyo Bibi akisema "huyu ni mke wa mji huu", mama ana nyumba, ana shamba, ana mahali pa kuzikwa, na sisi tuna kwetu. Bibi akisema "simjui", mama ni mwanamke tu kutoka Susuni ambaye amekaa kwenye mji wa watu Nyarero miaka ishirini na kitu. Hakuna kitu katikati ya maneno hayo mawili. Na Bibi akaanza kusahau.

Lakini ngoja kwanza. Watu sasa hivi wanamzungumzia kama vile siku zote alikuwa hivi, mzee wa kukojoa kwenye kiti. Hawakumjua huyo niliyemjua mimi.

Alitembea na fimbo ya kiume. Siyo mkongojo, hakuwa anaumwa mguu. Ni fimbo ya mwenye mji, na akienda kwenye kikao aliiweka mbele yake chini kama wanaume wanavyofanya. Wapo waliokuwa wanacheka. Hawakucheka mbele yake. Mama peke yake ndiye aliyeweza kumtania. Alikuwa anamuuliza hiyo fimbo atamchapa nani na yeye hana mume, na Bibi anajibu, "Si wewe ndiye niliyenaye? Sogea karibu nikuchape." Halafu wanacheka wote wawili, wanapukuchua mahindi, wanaendelea. Nikiwa mdogo nilidhani nyumba zote zina wanawake wawili wanaocheka hivyo.

Alikuwa anajua watu kwa baba zao. Ukimwamkia shikamoo, kabla hajajibu marahaba alikuuliza wewe mtoto wa nani, na ukishataja yeye anakutajia babu yako na kosa alilowahi kufanya. Kuna mwaka wezi wa ng'ombe walikuja kwenye boma letu. Bibi alitoka akasimama kwenye lango na panga, gizani, hakuona sura ya mtu hata mmoja. Akaanza tu kutaja. Mtoto wa fulani, nimekuona. Mtoto wa fulani wa kule Kemambo, na wewe, na mama yako nilimkopesha mbegu. Alikuwa anabahatisha, alituambia baadaye mwenyewe. Alitaja wanaume wabaya wote anaowajua mpaka akagusa wenyewe. Waliondoka. Asubuhi alikunywa chai yake na kusema jana ametaja watu wengi mno, labda kuna wasio na kosa, itabidi Jumamosi aombe msamaha kanisani, maana sisi ni Wasabato.

Huyo huyo alikuwa anaogopa chura. Mvua ikinyesha na chura akiingia ndani, mwenye mji anapanda juu ya kitanda na fimbo yake, anatuita tumtoe. Tukichelewa anatutukana. Tukimtoa anatuambia hakuwa anaogopa, alikuwa anaangalia bati kama linavuja.

Alificha sukari kwenye sanduku la bati, ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga, na chai yetu ilikuwa na utamu wa kunusa tu. Lakini jirani alipounguliwa nyumba, Bibi alitoa ndama bila hata kukaa chini kufikiri. Alitukataza uongo kwa fimbo, na yeye aliudanganya mnada mzima kwamba ng'ombe wake ana mimba. Hakujua kusoma hata herufi moja. Mimi nilipofaulu kwenda sekondari alinishonea sketi mbili, akanisindikiza mwenyewe mpaka getini, akamwambia mwalimu wa zamu, "Huyu nimemleta anisomee. Akicheza, mnitume mtu."

Sasa kuhusu karatasi. Mtendaji wetu wa kijiji ni kijana kutoka Singida, Mwislamu, mpole, bado Kikurya kinampiga chenga. Walipokuwa wanapima mashamba alikuja kwetu na fomu. Alikaa, akanywa maziwa, akamweleza Bibi kwa heshima kwamba kuna sehemu ya kuandika watu wengine wenye haki kwenye shamba, mke, watoto. Mimi nilikuwa pale, nilikuwa kidato cha pili, ndiye niliyekuwa natafsiri maneno magumu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza kama anataka aandike kwamba mama ni mke wake. Mtendaji akasema ndiyo, kwa usalama tu.

Bibi alikasirika kama mtu aliyetukanwa. Alimwambia kwamba siku anamleta mama, watu walikula ng'ombe uani hapa, wazee wa ukoo walikaa pale na pale, akamwonyesha kwa fimbo mahali pao. "Hao waliokula ndio karatasi yangu," alisema. "Nikiandika, ni kama nasema walikula bure. Ni kama nasema naogopa watanikana."

Mtendaji akajaribu mara ya pili. Bibi hakupenda kuambiwa kitu mara mbili. Akanyanyuka. Fomu ikabaki na jina lake peke yake na mistari mitupu chini.

Na mimi nilimuunga mkono. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Niliona kijana wa Singida hajui mila zetu na nikaona Bibi amemweza. Usiku ule nilimwigiza mtendaji mbele ya wadogo zangu, tukacheka. Sikuhesabu kwamba wale waliokula walikuwa wazee tayari siku hiyo ya harusi. Mmoja mmoja wamekwisha. Tuliwazika, tulikula ubwabwa kwenye misiba yao, na hakuna aliyefikiri kwamba tunazika karatasi za mama.

Ugonjwa ulianza na majina. Na majina ndiyo yaliyokuwa yake, ndiyo maana niliogopa mapema kuliko wengine. Alikuja jirani kuomba chumvi, Bibi akamwangalia muda mrefu bila kuuliza ni mtoto wa nani. Nikasema amechoka. Halafu akaanza kumwita mama kwa jina la maksai. Alikuwa na maksai mmoja mwekundu aliyekufa zamani, aliyempenda sana, na asubuhi akimtaka mama anaita jina la yule ng'ombe. Mama aliitika. Alifanya na mchezo, akiitwa anajibu "hoo", anakuja anainamisha shingo, na Bibi anacheka, na sisi tunacheka. Majina ya ng'ombe wake wote aliyajua, hata waliokufa kabla mimi sijazaliwa. Ni ya watu yaliyokuwa yanamwagika.

Halafu ufunguo wa sanduku ukapotea. Aliufungua mwenyewe kutoka kwenye kanga akautia kwenye chungu cha mbegu, tuliukuta baada ya wiki. Kwa hiyo wiki nzima mama alikuwa mwizi. Bibi alisimama uani akiwaambia wapita njia kwamba kuna mwanamke ameingia kwake, anamwibia sukari. Wapita njia walituangalia sisi siyo yeye.

Halafu akaanza kutoka kulima. Kiangazi, ardhi imekauka kama sufuria, anatoka alfajiri bila viatu, anavuta kamba isiyo na ng'ombe, anasema "hoo" peke yake katikati ya shamba. Tulimkuta siku moja karibu na barabara ya lori, miguu inavuja damu, anamwambia dereva wa bodaboda amsaidie kugeuza maksai. Yule kijana wa watu alikuwa ameshika kamba kweli, hakujua afanye nini. Aliponiona akasema, "Dada, nimeshindwa kumkatalia."

Na siku alipompiga mama. Mama alikuwa anamvua nguo amwoshe. Bibi akaiokota fimbo akampiga kwenye mkono, ule mfupa ukalia, nikausikia nikiwa jikoni. Alikuwa anasema toka, toka kwenye mji wangu, mwenye mji huu hana mke. Nilifika nikakuta mama amekaa chini kwenye maji ya sabuni ameshika mkono, na Bibi yuko uchi kwenye kona anatetemeka, anamwogopa mama kama mimi ninavyoogopa jambazi. Sikujua nimwendee nani kwanza.

Majirani walisema amerogwa. Hilo tulilizoea. Lililonitoa usingizi ni walipoanza kusema nani aliyemroga. Walisema kwa sauti ya kusikika, kwenye kisima, kwamba mwanamke wa Susuni amechoka kusubiri kurithi. Mama alichota maji yake akaondoka. Nilitaka kuwajibu, mama akanivuta kwa mkono wake ule mzima.

Tulimpeleka zahanati. Mganga pale ni mwanamama wa Mbeya, anaongea haraka, lakini siku hiyo alitulia. Alimuuliza Bibi maswali, mwezi gani, yuko wapi, ana watoto wangapi. Bibi akajibu kwamba maswali gani haya ya kitoto. Mganga akatuambia kwamba huu ni ugonjwa, ubongo unachoka na kusinyaa, si uchawi na si ubaya wa mtu. Haurudi nyuma. Akatuambia neno moja ambalo nililisikia kwa masikio yangu mawili na bado nikalipuuza. "Msibishane naye. Mkimlazimisha akumbuke mnamtisha tu, na mkimtisha mnampoteza zaidi."

Nilimuuliza mama siku moja, tukiwa tunafua mashuka ya Bibi, kama hachoki. Ilikuwa swali la kijinga. Alikuwa amekonda, ameacha kwenda sokoni, analala kwenye mkeka mlangoni ili Bibi akitoka amkanyage aamke. Mama akasema, "Nilikuja hapa sijui hata kukamua. Nilimwaga ndoo nzima siku ya kwanza. Hakunicheka. Sasa yeye hajui kujifunga kanga. Nimcheke?" Akaendelea kufua. Baadaye kidogo akasema tena, kama anaongea na maji, kwamba anachoogopa siyo kumwosha, anachoogopa ni siku watakapomuuliza Bibi yeye ni nani.

Alijua watamuuliza. Kwa sababu Baba Mdogo alikuwa ameanza kuja.

Baba Mdogo ni mtoto wa shemeji yake Bibi, yaani ukoo wa marehemu mume. Sitaki kumfanya mbaya. Ana watoto wa kiume wanne na kipande cha shamba cha kupanda mchicha. Alikuja na sukari, alikuja na sabuni, alimwita mama shemeji, akakaa na Bibi kwa saa nzima akimpangusa inzi. Ila kila mara kabla ya kuondoka alikuwa anamuuliza, kwa upole, "Mama, huyu dada hapa ni nani?" Na Bibi siku nyingine anasema ni wa jikoni, siku nyingine ananyamaza. Baba Mdogo anatikisa kichwa, anaaga. Mwisho akamwambia mama kwamba yeye hafukuzi mtu, hana roho hiyo. Anataka tu wazee wa ukoo wakae, mwenye mji aseme mwenyewe, kwa mdomo wake. Akataja siku.

Tulikuwa na wiki tatu.

Hapa ndipo nilipofanya nililofanya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimezoea kwamba kitu ukikirudia sana kinaingia. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyofaulu baiolojia. Nikamtafutia Bibi sentensi moja, fupi, ya Kikurya, kwamba huyu ndiye mke wa mji huu na hawa ni watoto wangu. Nikaanza kumfundisha. Asubuhi, mchana, jioni. Nasimama mbele yake, namwonyesha mama kwa kidole, nasema, na yeye aseme.

Siku za kwanza alisema. Nilifurahi mpaka nikaruka. Kesho yake ilikuwa imeondoka yote, nikaanza upya. Siku nyingine alitukana, siku nyingine alilia. Nikawa naona siku zinaisha na yeye hajifunzi, na nikamkasirikia kama vile anafanya makusudi. Kisha nikagundua kwamba akiwa na njaa anajitahidi zaidi. Basi nikawa nashika kikombe cha uji, naona mikono yake inakuja, nakirudisha nyuma. Sema kwanza. Akisema nampa. Mara nyingi alikuwa anasema. Mama alikuwa shambani, hakujua. Nilijiambia kwamba namfanyia mama.

Siku ya kikao walikuja wazee watano na Baba Mdogo. Asubuhi nzuri, tulipanga viti uani. Mama alimvalisha Bibi gauni la kanisani na kitambaa cheupe, akampaka mafuta miguuni. Alipendeza. Wazee walimwamkia, akawaitikia vizuri, mmoja hata alimwuliza kuhusu mvua akamjibu vizuri, na mimi nikaona itawezekana.

Mzee mkubwa wao, ambaye mji wake uko ng'ambo ya kijito, akasogeza kiti. Alimwambia Bibi kwamba hawakuja kumsumbua. Akamwonyesha mama, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka, akamuuliza ni nani.

Bibi alimwangalia mama. Halafu akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wazee, na nilikuwa nachezesha midomo, namsemea ile sentensi bila sauti. Sikuona kama nafanya vibaya. Niliona uso wake unabadilika, na nikajua uso ule, ni uso wa kwenye kona siku ya kuoga. Akarudisha kiti nyuma.

"Huyu binti ananifundisha," alisema.

Mzee akauliza anakufundisha nini.

"Kusema. Nisiposema ananinyima uji."

Kuku walikuwa wanaparua pale. Mama aligeuza kichwa taratibu akaniangalia, na sikuweza kusema si kweli kwa sababu ni kweli.

Mzee akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi. Na huyu hapa chini?

"Huyo simjui. Ananiosha."

"Nani alimleta?"

"Alikuja tu," Bibi akasema. Akaangalia miguu yake yenye mafuta, akaificha chini ya kiti.

Wazee walikwenda pembeni. Sikusikia walichosema, nilisikia tu Baba Mdogo akisema jamani mimi nilijua, halafu mzee mkubwa akimwambia anyamaze. Waliporudi walisema watakaa tena baada ya mavuno. Mpaka hapo hakuna kuuza, hakuna kujenga, hakuna kuondoa mtu. Lakini wasiposikia neno la mwenye mji, na hakuna wa ukoo huu aliye hai aliyeona harusi ile, wataamua kwa wanavyoona. Na yule binti, wakanionyesha, asimkaribie mwenye mji. Mmoja wao aliongeza kwamba shule imemharibu. Nilitamani wanipige. Hawakunipiga.

Mama hakunigombeza. Hilo ndilo baya zaidi. Jioni alinifungia nguo zangu kwenye mfuko na kuniambia niende kwa dada yake, Serengeti, mpaka atakaponiita. Nikajaribu kueleza. Akasema anajua. Akasema, "Ukiingia anajificha nyuma ya mlango. Ataumia. Nenda tu."

Huko Serengeti nilikaa kwa mama mkubwa miezi mitano, kijiji cha wafugaji, watu wa kanisani, wakarimu, hawakuniuliza mengi. Nilimsaidia kuuza dukani. Usiku naota nimeshika kikombe. Mchana nikiona bibi yeyote anavuka barabara peke yake natoka dukani namfuata mpaka nijue anakwenda wapi. Kuna mmoja aliniuliza kama mimi ni mwizi.

Mama alipiga simu mara chache. Alisema sasa Bibi haongei sana, siku nyingi halijui hata jina lake mwenyewe. Alisema anakula. Alisema mahindi yanakauka. Wiki iliyopita akapiga akasema wazee wanakaa Jumatatu, nije, angalau tuwe pamoja siku hiyo, ila nisiingie kwa ghafla.

Nimefika leo Jumapili, saa nne asubuhi. Nilishuka kwenye gari chini barabarani nikapanda kwa miguu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti uani, amepungua, kanga imefungwa vizuri kabisa. Peke yake. Nilisimama mbali, pale langoni, tayari kugeuka akianza kupiga kelele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba." Alinichunguza. Macho yake hayakuwa na hofu, hayakuwa na kitu chochote changu. "Umetoka mbali?"

"Natoka Serengeti."

"Ee. Huko fisi ni wengi."

Nikasema wapo. Akaniambia nikae basi, jua kali, na akanionyesha kigoda. Nikakaa ukingoni. Sikusema mimi ni nani. Nilishaapa sitamfundisha kitu tena maisha yangu yote. Tulikaa hivyo, akiuangalia mfuko wangu, vumbi la miguu yangu. Kisha akageuza kichwa kuelekea nyumbani na kuita, siyo kwa nguvu, kwa ile sauti ya chini.

"We mke wangu. Mgeni anakauka hapa unamwangalia tu?"

Mama alitoka na mikono ya unga. Aliniona, akamwona Bibi, akasimama mlangoni. Mimi nikamtikisia kichwa kidogo, asiseme jina langu.

"Kamata kuku," Bibi akamwambia.

"Kuku yupi, Mama? Aliyebaki analalia mayai."

"Mgeni hakuuliza kuku anafanya nini. Kamata."

Mama akaenda nyuma ya jiko. Alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Bibi akanisogelea, akanishika goti, akaniambia kama siri ya wanawake, "Huyo nilimtoa Susuni. Ng'ombe nilitoa mimi, siyo mtu mwingine. Wenzangu walisema ni mdogo, hajui kazi. Nikawaambia mtaona. Amenizalia watoto watatu hapa. Mkubwa ni msichana." Akacheka kidogo. "Ana haraka yule. Hatulii. Anasumbua mno, lakini ni wa kwangu. Yuko shule."

Yote. Kila kitu walichokuja kuuliza wazee, na zaidi.

Niliangalia barabarani. Hakuna mtu aliyekuwa anapita. Ng'ambo ya kijito niliona bati la mzee mkubwa linang'aa, naona hata nguo kwenye kamba yao. Nikikimbia ni dakika kumi kwenda. Kurudi naye na mkongojo wake, nusu saa. Huenda angeendelea kuongea nusu saa. Huenda angemwambia na mzee hivi hivi, mbele yangu, leo, na kikao cha kesho kisiwe na maana. Miguu yangu ilikuwa imeshajikusanya chini ya kigoda.

Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye goti langu. Nilijua nikinyanyuka ghafla atauondoa, ataniangalia vizuri, na ule uso utarudi.

Nyuma ya jiko kuku alikuwa anapiga kelele, mama anamfukuza, mdogo wangu amejitokeza anamzuia upande wa pili, wanamkosa, wanaanza tena. Bibi alisikiliza, akatikisa kichwa kwa aibu ya mwenye mji.

"Hawa watu wangu," akaniambia. "Kuku mmoja tu mpaka kesho. Utatusamehe, mgeni."

Nikaweka mkono wangu juu ya wake.

"Hamna shida, Bibi," nikasema. "Mimi sina haraka."